Maua ya Mama, Picha za Mkunga

Mkunga alikuwa na haraka na watu wote. Maua peke yake ndiyo aliyoyasubiri. Mwanamke aliyefika zahanati akiwa amechelewa alikaripiwa tangu mlangoni, na mume aliyekaa barazani akauliza habari mara mbili alifukuzwa kama kuku. Lakini mtu huyohuyo nimemwona uani kwetu ameinama mbele ya ua moja la kilua, kamera tumboni, shingo imepinda, hasemi wala hakohoi, asubuhi yote inapita, kwa sababu upepo haujakubali.

Jina lake nalijua. Mji mzima ulimwita Mkunga, mama yangu akimwita Bi Mkunga, na mimi nitamwacha hapo hapo. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, ameletwa kisiwani kwetu Amu na serikali kuzalisha wanawake wetu. Alipanga chumba cha ghorofani katika nyumba iliyopakana na yetu, na dirisha lake lilitazama uani kwetu. Kutoka dirisha lile ndiko alikoyaona maua ya mama. Siku ya tatu au ya nne akaja kubisha mlango, si kwa ajili ya mgonjwa.

"Mama," akasema, "hiyo ua nyeupe karibu na kisima, naomba niipige picha."

Niliposikia "hiyo ua" nilificha uso kwa mtandio nicheke. Mama hakucheka. Aliitazama kamera yake, akamuuliza kama ile kamera itamtazama na yeye. Mkunga akasema haitamtazama mtu, ni ua tu. Mama akamwambia arudi kesho. Jioni alimuuliza mjomba wangu, aliyekuwa msomi wa dini, na mjomba akamjibu kwamba mti na ua havina roho, hakuna ubaya. Kwa hiyo kesho yake Mkunga alifunguliwa mlango, na kwa miaka aliyokaa Amu sikuwahi kuuona ukifungwa mbele yake.

Hapa sina budi kujieleza na mimi kidogo, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini jambo dogo kama hilo lilinikaa kooni. Mume wangu alikuwa na duka la picha katika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Alipiga wanaume waliotaka picha za safari na za kazi, wamekaa wima kwenye kiti, kofia zimenyooka. Yeye alipiga, mimi nilisafisha. Tulikaa kwa mama, kama ilivyo desturi yetu binti kukaa nyumba ya mamake, na chini ya ngazi tulikuwa na chumba cha giza, nacho kilikuwa changu. Mikono yangu ilinuka dawa za picha mpaka hina haikushika vizuri. Na kabla Mkunga hajaja Amu, mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga maua ya mama kwa kamera ya pili ya mume wangu, ile ya akiba. Hakuna aliyenituma. Niliyapenda, na nilitaka mama ayaone.

Picha zangu zilikuwa mbaya. Najua leo kwa nini, na siku zile nilijua kwamba ni mbaya ila sikujua kwa nini, na hiyo ndiyo hali ya kutesa kuliko zote. Asumini yangu ilitoka kama doa la chokaa, nyeupe tupu, haina ukingo wala mshipa. Waridi langu lilikuwa na jani la mbele lililotoka wazi na kali, na ua lenyewe limezama katika ukungu. Mama aliziangalia akasema, "Mashallah," kwa sauti ileile aliyosema kwa kila mtoto wa jirani aliyeletwa kuonyeshwa.

Basi filamu ya kwanza ya Mkunga ikaja kwangu kusafishwa. Ingekwenda wapi kwingine? Duka lilikuwa moja. Nikaiingiza katika dawa, nikaisuuza kwa maji ya mvua, maana maji ya kisima yana chumvi na huacha madoa, nikaichapa katika karatasi za ukubwa wa kiganja. Nikasimama katika ile taa nyekundu nikiitikisa sinia ya dawa, na asumini ya mama ikaanza kunijia kutoka chini ya maji. Kwanza weusi wa nyuma. Halafu kingo za petali, moja moja. Halafu ndani ya ule weupe, mahali ambapo mimi kila siku sikupata kitu, vikatokea vivuli vyembamba kama mikunjo ya kitambaa, na tone la umande, na katika tone kitu kidogo cheusi ambacho nadhani kilikuwa dirisha lake mwenyewe. Nilisahau kuitoa picha katika dawa kwa wakati wake. Ikaniharibikia, ikabidi niichape upya. Na hiyo ya pili ilipotokea tena vilevile, nikaketi juu ya ndoo.

Tangu siku hiyo kila ua alilolipata Mkunga nililiona mimi kwanza, kabla yake, na lilitoka mikononi mwangu. Sijui adhabu gani nyingine ingenifaa zaidi kama mtu angetaka kunitesa.

Alikuwa na namna zake. Hakupiga ua jua likiwa juu. "Jua ya saa sita ni ya kuanika nguo," alisema, akaenda zake kulala. Alikuja alfajiri, watu wakitoka msikitini, kabla upepo haujaamka, au alingoja wingu jembamba lipite mbele ya jua. Kamera yake ilikuwa ile ya macho mawili, moja la juu la kutazamia na moja la chini la kupigia, ukiitazama kwa juu kama anayechungulia kisima. Macho yote mawili aliyavisha miwani ndogo ili yaone karibu. Aliiweka juu ya miguu mitatu ya mbao aliyochongewa na seremala, na hakuigusa kwa kidole wakati wa kupiga. Alikuwa na kamba nyembamba ya chuma ya kubonyezea, ili mkono usitikise. Alitafuta kiini cha ua, pale penye unga, akakikaza mpaka kikawa kikali. "Tazama kiini," alisema. "Jani ya mbele itajisamehe."

Na alipobonyeza alifanya kitu ambacho nilidhani ni uchawi mpaka nilipokizoea. Alipumua nje pole pole, akisema kwa kunong'ona, "Bado. Bado. Usisukume. Bado. Sasa." Na katika ile "sasa" kamera ikalia tiki.

Mama alizipenda sana zile "bado". Alizirudia jikoni akipika.

Maana habari yangu na Mkunga haikuwa ya picha peke yake. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alipanda asumini, kilua, mrehani na mawaridi mawili katika uwa usiozidi ukubwa wa chumba, na kila harusi ya mtaani vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa, vilitoka kwake. Mimi nilikuwa mwanawe wa pekee. Sikuwahi kumwona akikaa chini na mtu asubuhi bila kazi mkononi. Sasa asubuhi moja nikashuka ngazi nikamkuta amesimama nyuma ya mwaridi, amevaa buibui lake kama mtu anayetoka, amelinyoosha kwa mikono miwili kulia na kushoto, hatikisiki. Mkunga alikuwa mbele, ameinama. Mama alikuwa anamkingia upepo, na weusi wa buibui ndio uliokuwa nyuma ya ua.

"Mama, unafanyani?"

"Nyamaa," akanambia. "Hiyo ua itatikisika."

Hiyo ua! Mama yangu, aliyenichapa nilipokuwa mdogo kwa kuchanganya maneno, aliyesema nti na ndia na mato, si nchi na njia na macho, maisha yake yote na akawacheka watu wa Mombasa kwa Kiswahili chao, alikuwa anasema "hiyo ua".

Wiki ile nilimwomba na mimi anisimamie. Akaniambia magoti yanamuuma. Nilitundika kitambaa cheusi kwenye kamba ya nguo, na upepo ukakichezesha kama tanga. Magoti yale yalipona alfajiri iliyofuata, Mkunga alipobisha.

Sitaki umdhanie kuwa mtu mpole aliyeonewa bure. Alikuwa na mambo yake yaliyoudhi watu wote, si mimi pekee. Alikuwa msafi kiasi cha kukunyang'anya glasi mkononi akaioshe upya, halafu akanywa chai katika kikombe cha mtu yeyote aliyekiacha karibu. Alikemea wanawake wetu kwa kukaa ndani bila hewa, na yeye mwenyewe alifunga madirisha yote kwa kuogopa popo. Aliiogopa bahari. Alipolazimika kuvuka kwenda ng'ambo kuzalisha alikaa katikati ya mashua, amefumba macho, anaomba Mungu wake kwa sauti, na mabaharia wakamtania, na aliposhuka akawatukana wote. Jumapili aliimba na Wakristo wachache katika nyumba ya karani mmoja, sauti yake ikisikika mpaka kwetu, na ilikuwa mbaya. Ramadhani hakula mbele yetu hata siku moja, wala hakusema kwamba hali.

Na maua hakujua kuyaweka. Kila mche aliopewa na mama ulikufa katika kopo dirishani kwake, kwa maji mengi au kwa kusahauliwa. Asumini ilimpigisha chafya. Nimemwona akingoja upepo mpaka utulie, akingoja wingu, kila kitu kimekaa sawa, amefika kwenye ile "bado" ya mwisho, halafu chafya ikamtoka, miguu ya kamera ikaruka, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki mara nyingine niliyomwona mama akishika ukuta kwa kicheko.

Kilichonikera zaidi ya yote ni kwamba picha zenyewe hakuzijali. Nilipompa picha ya kilua ambayo ningetoa meno yangu ya mbele nipate kuipiga, aliitazama mara moja, akasema, "Nzuri," akaitia mfukoni pamoja na mkasi. Nikaja kuiona imekunjwa chini ya mguu wa meza zahanati ili meza isiyumbe. Nyingine alifunikia kikombe cha chai kisiingiwe na nzi. Nyingine alimpa mzazi aliyelia sana ili anyamaze. "Kwa nini usiziweke?" nikamuuliza. Akanitazama kama sielewi kitu. "Si hiyo ua nimeshaiona?" akasema.

Mwaka ule bendera ilipobadilishwa, shule ya wasichana ilifanya maonyesho ya kazi za akina mama. Walitundika kofia zilizodarizwa, mikeka na vitambaa vya meza, na mwalimu mkuu, aliyejua mimi ni mke wa mpiga picha, akaniomba picha za maua. Nilimpa tatu. Akamwomba na Mkunga, naye akatoa tatu, mbili zina alama za chai. Zikatundikwa ukuta mmoja. Mchana walipita wanawake peke yao, na mama alikuja, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na nilimwona tangu anaingia lango. Alipita kwenye mikeka. Akaja kwenye ukuta wetu. Akazipita zangu, akasimama mbele ya za Mkunga, akaweka kidole karibu na karatasi, asiiguse.

"Ua langu hili," akawaambia waliokuwa karibu. "Asumini yangu ya kisimani. Mwaiona? Hata ule upande ulioliwa na mdudu uko."

Moja ya zile tatu zangu ilikuwa asumini ileile, ya mche uleule, na juma lilelile. Hakuitambua.

Mkunga alikuwa nyuma yangu. Hakuwa na adabu ya kungoja. "Hii yako," akasema, kwa sauti ya zahanati, kila mtu akasikia, "umepima mwanga ya nyuma. Nyuma ni nyeusi, kipimo kimekudanganya, ua imeungua. Pima mkono yako. Weka kiganja pale ua iko, katika mwanga hiyohiyo, upime kiganja. Nilikuwa nataka kukwambia siku nyingi."

"Kwa nini usinambie?"

"Haukuniuliza."

Ilikuwa kweli. Sikumwuliza, na nikaapa siku ile mbele ya zile kofia kwamba sitamwuliza. Lakini kesho yake, mlango umefungwa na mama amekwenda kwa jirani, niliweka kiganja changu karibu na mrehani, nikakipima.

Mimba yangu ya kwanza ilikuja mwaka uliofuata. Miezi yote nilimwambia mume wangu kwamba nitazalishwa na yule bibi wa mtaa wa Mkomani aliyemzalisha mama nilipozaliwa mimi, na si na mtu wa bara. Mume wangu alinyamaza, mama alinyamaza, nami nikadhani nimeshinda. Uchungu ulinishika baada ya sala ya alfajiri. Yule bibi alikuja, akanipapasa tumbo, akakaa, akanipapasa tena, na jua lilipopanda akamwambia mama kitu sikioni. Mtoto alikuwa anakuja kwa matako. Mama hakuniuliza. Alikwenda dirishani, akaita juu, na nikasikia viatu vikishuka ngazi ya jirani.

Sikumbuki yote ya mchana ule. Nakumbuka alivyoosha mikono kana kwamba anataka kuichubua. Nakumbuka mkeka, na mama kichwani kwangu anasoma kwa sauti ya chini, na yule bibi mzee anashika goti langu moja. Nakumbuka kwamba nilitaka kusukuma, mwili wote ulitaka, kama unavyotaka kutapika, na Mkunga akasema:

"Bado."

Nikamtukana.

"Bado. Usisukume. Pumua nje, pole pole. Bado."

Ilikuwa sauti ileile. Ile ya uani. Nilidhani siku zote kwamba ameitoa kwa wazazi akaipeleka kwa maua. Mchana ule nilisikia kwamba hakutofautisha hata kidogo. Kisha nikafumbua macho nikaona jambo jingine. Mkunga alimtupia mama jicho, bila neno, na mama akajua akae wapi, ashike nini, ainue bega langu vipi. Akamtupia jingine, mama akasogea. Walifanya kazi mimi nikiwa katikati yao kama walivyofanya kazi na mwaridi. Nilikuwa nakufa, wallahi nilikuwa nakufa, na bado nikapata nafasi ya kuona wivu.

"Sasa," akasema. "Sasa, sasa, sasa!"

Mtoto alitoka wa buluu, hana sauti. Msichana. Mkunga alimgeuza, akamfuta kinywa kwa kidole, akaweka mdomo wake juu ya kile kiuso akapuliza, kidogo kidogo, kama anayepuliza kaa asilolitaka liwake kwa ghafla. Mama aliacha kusoma. Nilisikia mtaani mtu akimwita mbuzi wake. Kisha mwanangu akalia, kilio chembamba chenye hasira, na Mkunga akamweka kifuani kwangu, akasema, "Huyu atakusumbua," akaniangalia mpaka damu ikakata, akaosha mikono, akatoka.

Nilikuwa nimelala na mtoto, mlango wa uani uko wazi. Mkunga alikuwa amejitupa kwenye mkeka kando ya kisima, viatu miguuni, mdomo wazi, amelala fofofo juani. Mama alikuwa ameketi pembeni yake na upepeo, anampepea. Nilimwita mama mara moja, kwa sauti ndogo. Alinyanyua mkono kunionyesha nisimwamshe mgonjwa wake.

Nilimdai nini mtu yule? Alikuwa amenipa mwanangu na roho yangu. Nilimshukuru na kila aliyekuja kuniona nilimweleza. Shukrani haikuutoa wivu. Iliukalia juu tu, kama mtu mnene juu ya sanduku lisilofungika.

Mwanangu alipoanza kutembea, Mkunga alihamishwa kwenda Kizingitini, ng'ambo ya bahari. Alikuja kuaga akiwa na begi moja na ile miguu ya mbao. Mama alimpa vikuba vitatu, naye akapiga chafya tatu, wakacheka, halafu hawakucheka. Mama hakwenda gatini. Alipanda juu darini, akasimama mpaka mashua iliyombeba ikapotea, na alfajiri zilizofuata alishuka uani kwa mazoea, akakaa juu ya ukingo wa kisima, akanywesha maua haraka haraka akarudi ndani.

Uwa ukawa wangu. Nilichongesha miguu ya mbao kwa seremala yuleyule. Nilinunua ile kamba ya chuma ya kubonyezea. Nilipima kiganja. Nikajifunza mwenyewe kwamba ukibana tundu la lenzi ili ua lote likae kali, mbele na nyuma, basi kamera inahitaji muda mrefu zaidi, na katika huo muda upepo mdogo kabisa unakuibia. Na ukilifungua, unapata kiini na kupoteza kingine chote. Na kwamba hakuna jibu ila kuchagua. Mwanangu aliningoja mlangoni akilia nami nikimwambia bado, bado. Na siku moja, katika taa nyekundu, asumini iliyotoka chini ya maji ilikuwa yangu, ina mishipa yake yote.

Nilimpelekea mama haijakauka. Aliichukua nje kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, muda ambao nilikuwa nimeungoja miaka.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana mwanangu. Kama za Bi Mkunga."

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Wanawake wa Kizingitini walikuwa wanatakiwa picha za karatasi za serikali, na waume zao hawakutaka wapigwe na mwanamume. Mume wangu akanituma mimi. Mama, aliyekuwa hatoki tena nyumbani, alinipa mkate wa sinia uliofungwa kwa kitambaa, nimpelekee mwenyewe.

Nilifika asubuhi, wavuvi wanapakua kamba wakubwa kwenye vikapu, nikauliza zahanati, nikaambiwa Mkunga yuko nyuma. Nyuma palikuwa mchanga mtupu, na juu ya mchanga ile mimea itambaayo pwani, yenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi na kunyauka kabla ya adhuhuri. Miguu mitatu ya mbao ilikuwa imekunjwa chini kabisa. Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, miwani minene usoni. Aliyeinama juu ya kamera alikuwa mwanamke wa umri wangu, muuguzi, amejifunga mtandio kiunoni. Mkunga alikuwa ameweka mkono juu ya mkono wake, kwenye kitufe cha kukazia, anauzungusha pamoja naye.

"Kiini," alikuwa anamwambia. "Iko kali?"

"Kali, mama."

"Hakika?"

"Hakika, mama."

Nilisimama na mkate wangu. Nilikuwa nimeyaonea wivu macho yake, picha zake, nafasi yake kwa mama yangu. Sikuwa nimejua kwamba kulikuwa na kitu kingine kilichobaki cha kuonewa wivu, mpaka nilipouona ule mkono juu ya mkono wa mwingine. Kwa miaka alikuwa ukuta mmoja tu na mimi. Nilikuwa nimesafisha kila filamu yake, nimepima kiganja kwa siri, mlango umefungwa.

Aligeuka. Ilimchukua muda kunijua. Alinijua kwa sauti, niliposalimu. Akainuka, akanishika mabega, akauliza habari ya mama kabla ya yangu, kisha ya mtoto, akaukata mkate palepale kwa mkono bila kuosha, akala.

"Macho yangu ya karibu yamekwisha," akasema akitafuna. "Mtoto nitamtoa gizani, lakini kiini siioni tena. Huyu ananionea." Akamgeukia yule muuguzi. "Huyu ndiye yule wa Amu niliyekwambia. Alikuwa akinisafishia picha. Hakuna mtu ana macho kama huyu. Nilikuwa nampelekea filamu zangu nikiogopa, nasema leo ataona nilikosea wapi."

Yule muuguzi alinisalimu vizuri, kwa adabu zote, na hakuacha kamera.

"Njoo utazame wewe," Mkunga akanambia. "Huyu anasema ni kali. Mimi sijui kama ni kali. Wewe nitaamini. Mpishe, mama, kachemshe chai."

Muuguzi akasimama. Akajifuta mchanga magotini, pole pole, akanipisha. Alipopita aliniangalia usoni mara moja, na lile jicho nililijua. Nililijua kama ninavyoijua sauti ya mlango wetu. Lilinitazama viatu, likatazama mikono yangu, likarudi kwa Mkunga, likaniona tena.

Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikainama juu ya kile kioo. Ua lilikuwa pale, zambarau yake imefifia kidogo, na katikati yake kila kipande cha unga kilikaa mahali pake. Lilikuwa kali kama wembe. Hapakuwa na la kurekebisha.

"Eh?" Mkunga akauliza. "Kali?"

Yule muuguzi hakwenda kuchemsha chai. Alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja niseme. Mashua yangu ilikuwa iondoke na maji, na wanawake walikuwa wameanza kujipanga upande wa mbele. Nikaweka mkono juu ya kitufe, bila kukizungusha.

"Ngoja, mama," nikasema. "Bado naangalia."